Kadi ya Kijani kwa Mwanamume Asiyelia

Kila mwaka chuo chetu cha wauguzi hufanya zoezi la maafa, na kila mwaka zoezi hilo huanza kwa kumsubiri mgeni rasmi.

Nieleze kwanza zoezi lenyewe, maana majirani wetu wengi huliona wakipita na mitungi ya maziwa, wakadhani ni maigizo ya vijana wa kanisa. Tunawaomba watu wajifanye wameumia katika ajali. Tunawapaka maji ya rangi nyekundu, tunawalaza kwenye uwanja ulioko kati ya mabweni na shamba la chai, na kila mmoja tunampa karatasi inayosema ameumia wapi. Kisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanakuja mbio wakiwa na kadi za rangi nne. Nyekundu ni ya mtu atakayekufa asipohudumiwa sasa hivi. Njano ni ya aliyeumia vibaya lakini anaweza kungoja kidogo. Kijani ni ya anayeweza kutembea mwenyewe. Nyeusi ni ya aliyekwisha kufa. Muuguzi mmoja akikutana na watu arobaini kando ya barabara, hawezi kuwashika wote kwa mikono miwili. Lazima achague, tena haraka, na kadi ndiyo inayomwambia anayekuja nyuma yake aanze na nani.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili haina mbio wala kelele, na kwangu mimi ndiyo somo lenyewe. Ni kurudi. Unawarudia wale uliowapa kadi ya kijani, mmoja mmoja, kuona kama bado ni wa kijani. Mtu anaweza kushuka kwenye gari lililopinduka akatembea vizuri, huku damu inamjaa tumboni polepole. Nusu saa baadaye kadi yake ni ya uongo.

Mwaka ninaousimulia, ratiba ilisema saa tatu asubuhi. Majeruhi wetu walilala kwenye nyasi zenye umande saa tatu kasorobo. Saa nne mgeni rasmi alikuwa njiani. Saa nne na nusu alikuwa bado njiani. Nilipozunguka uwanjani saa tano, nilikuta maiti wawili wamekaa wanakula mkate kwa soda, na mwanamke aliyekuwa "amepoteza fahamu" akiniita, "Madam, hii damu itatoka kwa blauzi? Nataka kupitia Sosiot sokoni."

Mgeni alifika saa tano na nusu. Kila mtu wa Kericho anajua mvua yetu: ikishapita saa sita mchana huna mkataba nayo tena. Mkuu wa shughuli alitazama mawingu, akanijia mbio. "Madam, fupisha. Mgeni anataka kuona wakikimbia na machela, basi. Hotuba lazima ziingie."

Tulikimbia na machela. Dakika kumi na mbili, nilizihesabu kwenye saa yangu. Sehemu ya pili haikufanyika kabisa. Halafu watu wote, maiti pamoja nao, wakaingia kwenye hema kusikiliza hotuba kwa muda wa saa mbili, na mvua ikapiga juu ya turubai hata nusu ya maneno hayakusikika. Hotuba zilisema wauguzi wetu wako tayari.

Katika zile dakika kumi na mbili lilitokea jambo moja ambalo tulilicheka. Jirani wa chuo, mzee mwenye ekari mbili za chai, alikuwa amepewa karatasi iliyosema: umevunjika paja, piga kelele. Yeye alikaa tu ameegemea mti wa uzio, fimbo mapajani, anatazama mbele kama anayesubiri zamu yake kwenye kituo cha kupimia majani.

"Mzee, lia basi," mwanafunzi mmoja akamwambia.

"Kulia?"

"Umevunjika mguu, Mzee. Imeandikwa."

"Wacha ivunjike," akasema. "Nilie mbele ya watoto wa jirani? Hata kwa mchezo siwezi. Enda uangalie wale akina mama, ndio wanaumia."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Baadaye niliandika kwenye ripoti yangu kwamba wanaume wazima walikataa kuonyesha maumivu, kwamba sehemu ya pili haikufanyika, na kwamba naomba nusu siku nyingine tuirudie, bila hema na bila mgeni. Ripoti ilirudi na neno moja lililoandikwa kwa kalamu nyekundu: Imeonekana. Chini yake ukapigwa mhuri.

Miezi minne baadaye, Jumamosi mchana, lori la kubebea majani lililokodiwa kupeleka watu harusini lilipinduka kwenye mteremko wa upande wa Roret. Wanafunzi wangu sita walikuwa wamepangwa mafunzo katika hospitali ndogo iliyo karibu na hapo. Siku hiyo hospitali ilikuwa na muuguzi mmoja wa zamu na tabibu mmoja. Walioumia waliletwa kwa pikapu, kwa bodaboda, na kwa gari la mwalimu mmoja aliyekuwa anakwenda zake Kabianga. Kwa nusu saa lango la hospitali lilikuwa mikononi mwa mmoja wao, mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho.

Nieleze ni nani. Wazazi wake walikuja kutoka upande wa Kisii kuchuma chai katika shamba kubwa, naye alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba hilo. Ni msichana mkimya, mwandiko wake safi, na huwa hamalizi kazi mpaka akunje kila kitambaa. Mama yake aliendelea kuchuma kwa mikono mpaka mashine zilipoingia na kumwondoa. Binti huyu ndiye wa kwanza kwao kufika chuo chochote. Mtihani wake wa leseni ulikuwa umebaki miezi miwili.

Nilipigiwa simu, nikafika muda mfupi baada ya majeruhi wa mwisho. Nitakuwa mkweli: nilipoona kazi aliyoifanya pale langoni, nilijivuna. Kadi nyekundu zilikuwa ndani na dripu zimewekwa. Za njano zilikuwa kwenye veranda, zimefunikwa mablanketi. Mtoto aliyekuwa anavuja damu kichwani alikuwa amefungwa bandeji vizuri kuliko nilivyofundisha. Na wale wa kijani walikuwa kwenye benchi refu chini ya ukuta, watu kumi na mmoja, wakipiga simu nyumbani, wengine wakilaumiana juu ya nani aliyesema lori lina breki.

Mwisho wa benchi alikaa mwanamume wa makamo, koti lake la harusi limefungwa vifungo vyote. Hakuwa na simu wala hakumlaumu mtu. Amekaa wima kama yuko kanisani.

"Chamgei, Mzee?" nikamsalimu.

"Mising," akajibu. Njema sana.

Lakini mdomo wake wa juu ulikuwa na jasho, na ilikuwa siku ya baridi. Nikamshika mkono. Kiganja kilikuwa cha baridi na cheupe, na mshipa ulikuwa unakimbia mbio, mwembamba kama uzi. Nilibonyeza ukucha wake nikahesabu, na damu ilichelewa kurudi. Nilipofungua lile koti, nikagusa tumbo upande wa kushoto, hakusema kitu. Alifumba macho mara moja tu.

Tulimkimbiza hospitali kubwa na gari la yule mwalimu, mimi nimeshika dripu kwa mkono mmoja na paa la gari kwa mkono wa pili. Wengu lake lilikuwa limepasuka. Walimfanyia upasuaji siku ile ile, akaishi.

Siku ya nne nilikwenda kumwona. Mkewe alikuwa kando ya kitanda akimmiminia mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kikombe, ingawa kibao ukutani kilikataza kuleta chakula kutoka nyumbani. Nilimuuliza mgonjwa, kwa upole, kwa nini hakumwambia msichana pale langoni kwamba anaumwa.

"Aliniuliza," akasema. "Aliniuliza mara mbili. Nikamwambia niko sawa. Kulikuwa na watoto wanalia pale, Sista. Nitamwita mtu aache mtoto aje kwangu?"

Mkewe akaguna. "Huyu? Mimi nimekaa naye miaka ishirini na saba. Siku ng'ombe alimvunja kidole, nilijua baada ya wiki. Na si yeye aliniambia. Niliona hawezi kukamua."

"Kidole ni kitu gani," mgonjwa akasema.

"Unaona?" mkewe akanigeukia. "Na unataka kumwambia mtoto wa watu angejua."

Nilidhani mambo yameishia hapo, na kwamba kazi iliyobaki ni yangu, ya darasani. Nilikosea. Hospitali ile ndogo iliandika kwamba majeruhi mahututi alipewa kadi ya kijani na mwanafunzi wetu. Chuo kikaogopa kuharibiwa jina, na wiki iliyofuata niliitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Fomu ilikuwa tayari mezani. Ilikuwa imechapwa na nafasi ya sahihi yangu imeachwa: Mwanafunzi alifundishwa kikamilifu utaratibu wa maafa, lakini hakuuzingatia. Pendekezo: arudie mwaka. Mwaka mzima, kwa sababu ya rangi ya kadi. Kwa binti yule, kurudia mwaka maana yake ni kurudi nyumbani, kwani ada ya mwaka mwingine kwao haikuwepo. Kila aliyekaa pale mezani alilijua hilo.

Tulikuwa watu watano. Mwanafunzi mwenyewe aliambiwa akae nje kwenye korido, kwenye kiti cha plastiki, sare yake imepigwa pasi utafikiri anakwenda kuvishwa kofia ya uuguzi. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, au tuseme mtu mpole, maana hivyo ni vitu viwili. Akanisogezea kalamu.

"Madam, weka sahihi tumalize. Hata kumfukuza hatumfukuzi."

"Siwezi kuweka sahihi kwenye jambo ambalo si kweli," nikasema.

"Lipi si kweli?"

"Hilo neno kikamilifu."

Nilitoa kwenye mkoba ratiba ya siku ya zoezi, ile iliyochapwa kwa karatasi nzuri na picha ya ua juu. Nilikuwa nimeandika pembeni, kwa mkono wangu, muda halisi wa kila jambo. Nikaiweka mezani pamoja na ripoti yangu yenye neno Imeonekana.

Mjumbe aliyekuwa mkuu wa shughuli siku ile aliitazama akacheka kidogo. "Kwa hivyo Madam anataka kutuambia kwamba mgeni rasmi ndiye alimpa yule mzee kadi ya kijani?"

"Nawaambia mgeni alipewa saa mbili, wanafunzi wakapewa dakika kumi na mbili. Kuwarudia wenye kadi za kijani kulikuwa kwenye ile sehemu mliyoniambia nikate. Mliikata, sasa mnamuuliza mtoto kwa nini hakuifanya."

"Sauti, Madam," mwenyekiti akasema.

Kweli sauti yangu ilikuwa imepanda. Mimi ni mtu wa kueleza taratibu. Wanafunzi wangu hunitania kwamba ninaweza kueleza jinsi ya kuvaa glavu mpaka mgonjwa apone mwenyewe. Lakini siku ile sikueleza, nilifoka.

Ndipo mjumbe mwingine, ambaye hakuwa amesema kitu, akaegemea kiti chake. "Tuseme ukweli tukiwa hapa ndani. Hawa watoto wa kutoka nje hawajui watu wetu. Msichana wa hapa angejua mzee kama huyo halalamiki."

Kutoka nje! Msichana aliyezaliwa kilomita chache tu kutoka kwenye meza ile. Nilitaka kujibu hilo kwanza, lakini jibu lililonitoka lilikuwa jingine, na liliniuma mimi kuliko lilivyomuuma yeye.

Niliwasimulia kwamba nilipokuwa darasa la sita, baba yangu alijikata mguu kwa jembe akipalilia mahindi. Alimaliza mstari wake. Alirudi nyumbani akitembea, akavua gambuti mlangoni kama kawaida, akamwita mama alete maji. Alipoinamisha ile gambuti, damu ikamwagika kwenye kizingiti. Mama alipiga yowe. Baba akamwambia asiwatishe watoto. Sisi wanawake hatuzungumzii mambo wanayofundishwa wavulana wanapokwenda kufanywa wanaume, wala sitaanza leo. Lakini kila mwanamke wa kwetu anajua wanarudi wakiwa watu wa namna gani. Nimeishi na wanaume wa namna hiyo maisha yangu yote. Nilimjua yule mtu wa kwenye benchi kabla sijamgusa mkono. Nilimjua kwa jinsi alivyofunga vifungo vya koti.

Na kwa miaka kumi na sita sikuwahi kulisema darasani. Halikuwa kwenye kitabu. Vitabu vyetu vimeandikwa na watu ambao wagonjwa wao, wakiumia, husema wameumia. Hata siku mzee wa jirani alipotuonyesha wazi uwanjani, mbele ya macho yetu, sisi tulicheka.

"Mimi ni mtu wa hapa," nikamwambia yule mjumbe. "Nalijua jambo hilo tangu nikiwa mtoto. Ninyi nyote mnalijua. Nani kati yetu alimwambia?"

Nikachukua kalamu, nikalikata lile neno kikamilifu kwa mstari mmoja, na chini ya sentensi yao nikaandika: Hakufundishwa kuwarudia wenye kadi za kijani, wala kumpima mtu mzima asiyelalamika. Mwalimu wake ni mimi. Hapo nikaweka sahihi.

Walibishana karibu saa nzima. Sikuambiwa nitoke, na sikutoka. Mwishowe mwenyekiti alisema fomu yenye mikwaruzo haiwezi kupelekwa popote, na kuandaa nyingine kutahitaji kikao kingine, na kikao kingine kitaangukia baada ya mtihani. Ndivyo binti yule alivyoruhusiwa kufanya mtihani wake: hakuna aliyesema ametendewa isivyo haki, karatasi tu ndiyo ilichafuka. Mimi niliandikiwa barua ya onyo kwa kuharibu fomu ya chuo. Ninayo mpaka leo. Kila nikiisoma napandwa na hasira upya, na sioni sababu ya kuificha.

Nilitoka hadi kwenye korido nikidhani nitakumbatiwa. Nilimwambia, "Utafanya mtihani." Alisimama, akanyoosha sare yake.

"Madam," akasema, "nimesikia mambo ya baba yako. Huo mlango haufungi vizuri."

"Ndiyo."

"Mbona hukutuambia?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama anavyouliza kila kitu darasani, kalamu mkononi, akitaka jibu aliandike. Nilimwambia samahani, naye akaitikia kwa kichwa, akaenda kusoma.

Tangu wakati huo, somo langu la kwanza la maafa huanza na gambuti ya baba yangu. Wanafunzi wanakijua kisa hicho mapema, maana mwaka wa juu huwahadithia wa chini, lakini nakisimulia tena. Usimuulize mtu mzima habari yake ukaridhika na jibu. Njema ni adabu tu, haikuambii kitu kuhusu damu yake. Mshike mkono. Sikia kama ni wa baridi. Hesabu mshipa. Bonyeza ukucha. Kisha nenda kwa wengine, na urudi umshike tena, hata akikucheka, hata akikwambia uende kwa akina mama. Anayelia amekusaidia kazi. Asiyelia amekuachia kazi yote, kwa hiyo usimwache.

Na mwaka uliofuata sikungoja mtu. Nilichagua Alhamisi ya kawaida, nikaomba uwanja kwa ajili ya "somo la vitendo", maana ukiandika neno zoezi unaletewa hema. Saa tatu kamili nikapuliza filimbi. Niliwaomba wazee watano wa jirani waje kuwa majeruhi, na karatasi zao zote ziliandikwa: umeumia ndani, usiseme. Walifurahi mno. Yule aliyekataa kulia alinipongeza kwamba hatimaye nimemwandikia kitu anachokiweza.

Wa sita hakuitwa, alikuja mwenyewe. Alikuwa yule mwanamume wa kwenye benchi, amekonda kidogo, na koti ni lile lile. Mkewe alikuwa nyuma yake na kibuyu, akisema amekuja kuhakikisha hadanganyi. Nilimlaza karibu na uzio, nikampa karatasi. Hakuisoma.

Binti yule alikuwa amepata leseni yake na kazi kwenye zahanati moja, na siku hiyo alikuwa amekuja kunisaidia kufundisha. Wanafunzi walikuwa wamezunguka, wanaangalia atafanya nini. Alipiga goti kwenye nyasi.

"Habari yako, Mzee?"

"Niko sawa, Sista," akasema. "Enda kwa wale wengine."

"Najua uko sawa," akamwambia. "Lete mkono."